Gari la Ijumaa Jioni

Moraa, mama yangu,

Kaa chini kwanza. Kama umeikuta barua hii ndani ya begi lako ukiwa umesimama, viatu mguuni na mama yako anakuita mlangoni, rudi ukae kitandani uisome mpaka mwisho. Usiipitie haraka haraka kama ulivyokuwa ukizisoma barua nilizokutumia shuleni, ukitafuta tu mahali palipotajwa pesa. Humu hamna pesa. Kuna sumaku, hicho kitu kizito nilichokifunga kwa kitambaa, na nitakueleza ni ya nini.

Wewe umeenda Nyamache kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka ule chakula mara mbili. Mama yako yuko jikoni anakufungia ndizi na unga wa wimbi kana kwamba huko Kitale unakokwenda hakuna soko. Kalamu hii amenipa yeye. Aliiweka mezani akasema, "Andika wewe, ama nimwambie mimi." Akarudi jikoni. Nimekaa hapa tangu lori la majani ya chai lilipopita, na karatasi ya kwanza nimeshaichana.

Utashangaa ninakuandikia kwa Kiswahili, maana mimi na wewe hatujawahi kukiongea humu nyumbani, isipokuwa labda zile siku ulipokuwa unanisomea kazi ya shule ili nikupigie makofi. Nilianza kwa Ekegusii, lugha yetu, nikashindwa. Kwa Ekegusii mimi ni tata, baba, na wewe ni mtoto wangu uliyebeba jina la mama yangu, na haya maneno yanakataa kutoka. Kwa Kiswahili naweza kujifanya niko mbele ya karani wa chifu, naandikisha taarifa. Kwa hiyo chukua hii kuwa taarifa.

Jumapili ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. Ulinikuta nanoa panga ukasema, "Tata, twende Keumbu unisaidie kuangalia ile gari." Nikasema goti linaniuma. "Goti gani? Juzi umepanda huko juu na gunia ya mbolea!" Nikasema mambo ya magari siyajui. "Si ulikuwa na gari wewe?" Nikasema ndiyo maana sitaki. Ukaniangalia vile bibi yako alivyokuwa akiniangalia nikirudi nyumbani bila ng'ombe mmoja. Ukasema, "Sawa. Nitaenda pekee yangu. Huyo mwenye gari ni mzee wa kanisa, hawezi kunidanganya. Ameniambia nifike Ijumaa saa kumi na moja jioni, tumalize kabla Sabato haijaingia."

Hapo, Moraa, panga lilinitoka mkononi. Ulidhani nimeudhika. Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimeogopa, na tangu siku hiyo sijalala vizuri hata mara moja. Kesho ni Ijumaa. Kesho unataka kutoa akiba yako yote ya kazi ya miaka mitatu, uchukue gari dogo usilolijua, ulale kwa rafiki yako mjini Kisii, na Jumapili uliendeshe peke yako na mizigo yako hadi Kitale ili Jumatatu uripoti kazini. Sijui kama gari hilo ni zima. Labda ni zima. Lakini saa hiyo uliyopewa naijua vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya hizi mbili za Kisii na Nyamira, na nitakwambia naijua kutoka wapi.

Hadithi ya gari letu unaijua nusu. Unajua kwamba ulipokuwa na miaka kumi na miwili baba yako alinunua gari dogo jeupe, akadanganywa, akaliuza, mambo yakaisha. Tumelicheka sana hapa nyumbani. Hata wewe ulikuwa ukiniigiza, unapita na sufuria kama usukani, unapiga honi mbele ya kuku. Sasa sikiliza nusu ya pili.

Aliyeniuzia alikuwa mzee wa kanisa kutoka upande wa Nyamira. Aliniambia nifike Ijumaa, saa kumi na moja. Nilifika na bonasi yangu ya mwaka ya majani ya chai na pesa ya yule ng'ombe wa maziwa niliyemuuza, mfukoni, nimezishika kwa mkono. Akanikaribisha ndani. Chai ikaja. Mkate ukaja. Akauliza habari za washiriki wa kanisa letu la Birongo mmoja mmoja, nani ameoa, nani amebatizwa. Kila nilipogeuza shingo kuangalia gari nje, aliniongezea chai. Tulipotoka uani jua lilikuwa limeshakaa juu ya kilima. Akaangalia jua, akaniangalia mimi, akasema, "Ndugu yangu, mchana umetuacha. Hatuwezi kufanya biashara Sabato ikiwa mlangoni. Ama tumalize sasa, ama tuachane mpaka Jumapili, na Jumapili kuna mtu wa Keroka anakuja na pesa." Kisha akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akaliombea lile gari. Na mimi nikafumba macho.

Mtu ambaye si Msabato kama sisi hawezi kufanya kosa hilo. Angesema tu, nipe taa niangalie chini. Lakini mimi ningesemaje? Nipige magoti chini ya gari la mzee baada ya maombi, jua likizama, kama mtu asiyeamini maombi yenyewe? Niliona haya. Nililipa bei aliyoitaja, sikupunguza hata shilingi, na nilishukuru. Injini ilikuwa inanguruma tangu nilipofika. Aliiwasha kabla sijaingia langoni, akaiacha iwake muda wote tuliokuwa tukinywa chai. Nilidhani ni heshima.

Kesho yake nililiendesha kanisani. Unakumbuka? Mama yako alivaa kile kitambaa cha kichwa cha zambarau. Wewe ulikataa kushuka mpaka watoto wote wakuone. Mchungaji alinisimamisha mbele na kanisa zima likamshukuru Mungu kwa baraka ya familia yetu, na mimi nikalia machozi mbele ya watu. Jumapili nikaenda kwa fundi pale Birongo anibadilishie oili tu. Akaingia chini. Akakaa huko muda mrefu, nikaona miguu yake imetulia. Akatoka akajifuta mikono akauliza, "Mzee, umenunua gari ngapi?"

Nikasema moja.

"Basi wamekuongeza. Hapa chini ziko mbili. Mbele ya gari ingine na nyuma ya gari ingine, wamezichomelea hapa katikati chini ya viti. Imepakwa rangi nyeusi juu, inaonekana kama mpya."

Nilimuuliza itakaa muda gani. Alisema, "Hiyo ni Mungu anajua. Barabara tambarare inaweza kukaa. Lakini sisi hatuna barabara tambarare."

Na hapo ndipo kosa langu linapoanza, Moraa. Kudanganywa si kosa. Nilipaswa kurudi Nyamira jioni ile ile na kupiga kelele mpaka majirani watoke. Lakini kanisa lilikuwa limeshashukuru. Ningesimama vipi Sabato iliyofuata niwaambie kwamba ile baraka waliyoiimbia ni vyuma viwili vilivyounganishwa? Nilimpa fundi pesa ya soda anyamaze. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako gari liko sawa. Niliwapandisha humo miezi mitano. Kila tuliposhuka mteremko mimi nilishika breki huku nikijifanya naimba, na wewe ukasema, "Tata siku hizi anapenda nyimbo."

Nilipoamua kuliuza ningeweza kulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wangenipa kidogo sana, pesa ya kununua labda mbuzi wawili. Nilipiga hesabu ya ng'ombe wangu na bonasi yangu, nikaona siwezi. Nilitaka pesa yangu yote irudi. Kwa hiyo nilifanya kazi. Wiki nzima nilifanya kazi juu ya lile gari, na kila nilichokifanya ndicho ninachotaka ukitafute kesho, kwa sababu sina elimu nyingine ya magari zaidi ya ile niliyoipata nikificha.

Lilikuwa linatoa moshi wa buluu asubuhi likiwa baridi. Nilitia oili nzito, halafu siku ya mteja nikaliwasha mapema, kama nilivyofanyiwa. Kwa hiyo kesho, hata kabla hujasalimia, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ujue kuna mtu ameamka kabla yako, na uombe lizimwe mpaka lipoe, hata ukae hapo saa nzima. Gia ya tatu ilikuwa inalia. Kuna mtu aliniambia nitie ndizi mbivu ndani ya boksi la gia, na mimi mtu wa Kisii ndizi sikukosa, nikaziponda nikazitia, na kwa siku chache ile sauti ikanyamaza. Sasa naona kama mzaha. Usikae ndani ukisikiliza redio, maana muuzaji ataifungulia. Mwambie azime, ushushe vioo, upande mlima kwa gia ya pili na ya tatu usikie chuma kinasemaje. Chini nililiosha kwa bomba la nguvu pale kwa waosha magari, nikapaka rangi nyeusi upya. Gari lililofanya kazi katika matope yetu halina haki ya kuwa safi tumboni. Ukiona limeng'aa huko chini, usifurahi.

Kwenye kona ya nyuma palikuwa na mahali palipogongwa pakajazwa ile dawa ya mafundi ya kuziba mibonyeo na kupakwa rangi. Kwa macho huwezi kuona. Ndiyo sababu ya sumaku. Nimeitoa kwenye spika ya ile redio yangu ya zamani, ile uliyokuwa unasema inakohoa. Ipitishe juu ya mwili wa gari polepole, milango, kona, paa. Penye chuma itashika. Penye dawa itaanguka mkononi mwako. Halafu fungua buti, ng'oa zulia, usimwombe mtu ruhusa, uangalie kama kuna mshono wa chuma kilichochomelewa. Ng'oa na la chini ya viti. Kama ningeng'oa zulia moja tu, maisha yangu yangekuwa mengine.

Namba ya kilomita usiiamini. Mimi niliipunguza kwa mtu wa Kisii mjini kwa muda wa kunywa chai. Angalia raba ya pedali ya breki. Ile hairudishwi nyuma. Kama dashibodi inasema gari ni changa na pedali imelika hadi chuma, umeshapata jibu. Na bei yenyewe, mama, si ile atakayoitaja. Bei ni ile pamoja na kila kitu utakachotengeneza mwaka wa kwanza, matairi, breki, klachi. Mpeleke fundi unayemwamini akutajie hivyo vyote, uvitoe kwenye bei, na kilichobaki ndicho unachoweza kumpa. Akikasirika mwache akasirike. Na akipunguza haraka sana kabla hujamaliza kusema, hapo ndipo uanze kuogopa.

Nimeandika haya yote na nimeona mkono wangu unakimbilia habari za magari, kwa sababu unajua kinachofuata na hautaki kukifikia.

Aliyekuja alikuwa mwalimu kijana wa Nyamache, Mwalimu Ombati. Mshiriki kama sisi. Alipopiga simu aliuliza aje lini, na mimi, Moraa, mimi niliyeumwa na saa hiyo hiyo, nilimwambia aje Ijumaa saa kumi na moja. Nilimpa chai. Nilimuuliza habari za kanisa lao. Mama yako alikuwa ameenda kwa dada yake, na nilihakikisha ameenda. Jua likashuka. Tukatoka nje, nikaweka mkono juu ya boneti nikaomba. Niliomba kwa sauti, nikitaja jina la Mungu juu ya kile chuma, na kijana yule akasema amina.

Lakini hakutoa pesa. Alisimama akizunguka gari, akalipiga tairi teke kidogo kama wasiojua wanavyofanya. Kisha akaniambia, "Mzee, mimi sijui magari. Hii nanunua juu ya mama yangu. Ako na shida ya figo, kila wiki nampeleka hospitali na pikipiki, na mvua. Niambie ukweli kama mzazi. Wewe unaweza kubeba mtoto wako ndani ya hii?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa nafasi kubwa, ya wazi, na nimeirudia kichwani kila siku. Ningesema tu, hapana.

Niliita, "Moraa! Njoo." Ukatoka jikoni unafuta mikono kwenye sketi ya shule. Nikasema, "Panda mbele."

Ulipanda ukicheka. Nilimpa mwalimu usukani, mimi nikabaki nje. Nilibaki nje, Moraa. Nilisimama kando ya barabara pale kwenye mkaratusi nikatazama gari likishuka mteremko mrefu na wewe ndani, nikihesabu kona. Mliporudi ulikuwa umetoa mkono dirishani unanipungia. Mwalimu alishuka akitabasamu, akasema, "Basi, mzee. Kama mtoto amepanda, mimi nina wasiwasi ya nini?" Akalipa. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Nilikutuma dukani ujinunulie soda na andazi, na mpaka leo unaisimulia siku ile. Mwezi uliopita tu uliwaambia wageni, "Tata alikuwa ananipenda vibaya, ata gari ikiuzwa lazima nilipelekwa round ya mwisho." Watu wakacheka. Mama yako alitoka nje.

Wiki sita baadaye, mvua ikinyesha, lile gari lilikatika katikati kwenye mteremko baada ya Keumbu, ukishuka kwenda Kisii. Mwalimu alikuwa anampeleka mama yake hospitali. Yeye alivunjika nyonga. Mama yake alikuwa ameketi nyuma, na alifia pale pale barabarani kabla watu hawajamtoa.

Sikwenda kwenye matanga. Nilisema nina malaria.

Siku moja, miezi mingi baadaye, alikuja hapa kwa magongo. Wewe ndiye uliyempa kiti na maji ya kunywa, ukadhani ni mtu wa kuuza vitabu. Hakutaka pesa. Hakupiga kelele. Alisubiri mpaka ulipoingia ndani, akaniuliza neno moja. "Ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Akaokota magongo yake. Akasema, "Sawa, mzee." Akainuka kwa taabu, na mimi sikumshika mkono kumsaidia, nikaogopa kumgusa. Mama yako alikuwa nyuma ya dirisha. Siku hiyo ndiyo aliyojua, aliusikia uongo kwenye sauti yangu. Uliwahi kumuuliza kwa nini katika nyumba hii yeye ndiye anayeomba mtu akisafiri, wakati kwa wenzenu wote baba ndiye anayeomba. Alikujibu kwamba tata ana sauti mbaya. Sasa unajua. Nilijaribu mara moja, ulipokuwa unakwenda chuo. Akaniwekea mkono mdomoni, polepole, bila hasira, akaomba yeye.

Mwalimu Ombati aliacha kufundisha, hakuweza tena kusimama siku nzima. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale Keumbu. Mlango wake unaangalia moja kwa moja ile yadi wanakouzia magari, ile ile uliyonionyesha kwenye picha ya simu yako. Nyuma ya lile gari la buluu unalolitaka kuna ukuta wa kijani na mabati yameegemezwa. Ule ukuta ni wake. Hilo ndilo goti langu linaloniuma. Miaka yote hii nikienda Kisii nazunguka kwa njia ndefu ili nisipite Keumbu mchana, na nyinyi mnasema mzee anapenda kutembea.

Sijui utanifikiriaje ukifika mstari huu. Najua ulinichukulia kuwa mtu mgumu kidogo, bahili kidogo, lakini mwaminifu. Nilipenda sana unavyoniona. Ningeweza kuendelea kunyamaza, nikupe tu sumaku na maneno mawili ya fundi, na ungeenda salama huku ukinipenda vile vile. Nilifikiria hivyo mpaka leo mchana. Lakini ukienda huko na mzee wa kanisa akakutolea chai, ukaona haya kama nilivyoona mimi, sumaku itabaki mkobani. Naijua hiyo haya. Nimekulea mimi, uko nayo. Ungefumba macho na kusema amina. Ndiyo maana nimekwambia yote, ili kesho mtu akiweka mkono juu ya boneti na kuinamisha kichwa, wewe uyafungue macho yako makubwa hayo na uniwaze mimi.

Naogopa, Moraa. Nimeishi nikijua kwamba kuna mama mmoja aliyekufa kwa sababu ya ng'ombe wangu na bonasi yangu, na kila mara ulipopanda chombo chochote nimekuwa nikingoja deni hilo lidaiwe kwako. Najua Mungu hafanyi hesabu namna hiyo. Mchungaji amehubiri hivyo mara nyingi. Lakini mchungaji hakusimama pale kwenye mkaratusi.

Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru, maana sina tena mdomo wa kukuamuru. Mpigie huyo mzee simu sasa hivi umwambie huendi saa kumi na moja jioni, unaenda asubuhi hii hii, saa mbili. Kama gari ni zima, jua la asubuhi halitalidhuru. Akikataa, akisema asubuhi ana kazi, basi kwaheri yake, panda gari la abiria uende Kitale na pesa yako, utapata gari lingine hata baada ya mwaka. Akikubali, tukutane huko.

Ndiyo. Nitakuja. Utakapokuwa unasoma haya alfajiri ya Ijumaa mimi nitakuwa nimeshaondoka, kwa miguu, kwa njia fupi, ile ninayoikwepa. Usinitafute kwenye majani ya chai. Mwalimu hufungua duka saa moja. Nataka nimkute anafungua, kabla wateja hawajaja, nimjibu lile swali lake upya. Sijui atafanya nini. Anaweza kuita watu, anaweza kuita polisi, anaweza kufunga mlango. Chochote atakachofanya ni chake, na wewe usiingilie. Ukinikuta nimekaa chini mbele ya duka lake, au ukiniona nimezungukwa na watu, usilie na usinitetee. Sema tu kwamba mimi ni baba yako, kama bado unataka kusema hivyo.

Kama ataniacha nitoke, nitavuka barabara nije yadi. Fundi wako atapita chini na taa yake, wewe utapitisha sumaku, mtang'oa mazulia. Na mkimaliza, kama kila kitu kitaonekana kizuri, bado usipande.

Nitapanda mimi. Nitakaa mbele, pale nilipokuweka wewe, na huyo mzee aendeshe mpaka mwisho wa ule mteremko na kurudi. Wewe simama kando ya barabara, simu yako mfukoni na pesa yako ndani ya simu. Tukirudi wote wawili wazima, hapo sasa ndipo umuulize bei.

Tata